Mahali Peupe kwenye Ramani Yangu

Mjukuu wangu alikuwa akichonga penseli za rangi mezani, na harufu ya yale maganda ya mti ikanifikia nikiwa nachambua pondu, majani ya muhogo. Nikaacha majani kwenye sinia, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka alipomaliza. Alikuja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa bado, lakini mtoto wa miaka tisa habishani na bibi yake, analiweka tu jibu mahali, na siku moja atalitoa.

Ilikuwa wiki ya pili tangu tumzike Alphonse, mdogo wangu. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi nikamtangulia kwa miaka mitatu. Siku ya mazishi, tulipokaa chini ya turubai baada ya kutoka makaburini, Dieudonné, mwanawe mkubwa, alikuja akachuchumaa mbele yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini jambo ambalo wanaume wote pale walikuwa wakisubiri liulizwe.

"Tantine, tutapumuzisha fasi gani?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mutoto wangu. Ngoja." Akangoja. Ni harufu ya penseli iliyonimaliza.

Mgeni akifika kwenye maporomoko ya mto wetu anaona nguzo nyingi zilizosimama katikati ya maji makali, zimefungwa kwa kamba za msituni, na migono mikubwa ya kunasia samaki ikining'inia. Anadhani kila mtu anavua popote apendapo. Hapana. Kila nguzo imesimama kwenye tundu lake ndani ya mwamba, na kila tundu lina ukoo wake na jina la mtu wake. Katika ukoo wetu mtu huyo akifa, nguzo zake zinang'olewa siku ya mazishi na mahali pake panaachwa. Tunasema tumepumzisha maji. Hakuna anayetega pale, na jina la marehemu halitajwi pale. Mjane anafunga kitambaa cheusi kichwani. Halafu mtoto wa kiume wa marehemu akikomaa kiasi cha kusimama juu ya nguzo bila kushikwa, maji yakipungua, anasimamisha nguzo ya kwanza kwa mikono yake. Siku hiyohiyo, palepale mwambani, mjane anavua kitambaa na kukiachia maji yakichukue. Hapo ndipo msiba unaisha. Kabla ya hapo haujaisha, hata ipite miaka mingapi.

Papa alikufa nikiwa na miaka kumi na moja. Maji yalikuwa yamejaa, kamba ikakatika, naye akaenda nayo. Walimpata siku ya tatu, huko chini karibu na bandari ya meli. Koko, ndivyo tulivyomwita babu, aling'oa nguzo za mwanawe peke yake, akakataa kusaidiwa. Yakabaki matundu manne yaliyojaa povu.

Watu wazima waliona mwamba mtupu. Mimi nilimuona papa. Sisemi nilimuona kama ninavyomuona mtu anayepita barabarani. Nilikuwa nikienda shule asubuhi, natupa jicho upande ule, na pale kati ya matundu manne palikuwa na namna yake ya kusimama, bega la kushoto chini kidogo, jinsi alivyokuwa akisubiri mgono ujae. Sikuogopa. Nilidhani ndiyo maana ya kupumzisha: marehemu anaachiwa mahali pake ili amalizie kazi aliyokuwa akiifanya.

Nilisoma sekondari kwa masista, mjini, ambako wasichana wachache tulikuwa tunaandaliwa kuwa walimu. Mji wenyewe, kwenye ramani zilizotundikwa ukutani, ulikuwa na jina la mzungu. Midomoni mwetu ulikuwa Kisangani, na hakuna aliyeona ajabu mji kuwa na jina moja la kuandika na jingine la kuishi. Ma Sœur Odilia alitufundisha historia, jiografia na elimu ya uraia. Alifundisha kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabu vya misa, safi mno, mpaka tulikuwa tunainama chini ya dawati ili tucheke. Nilimpenda. Naomba niseme hivyo wazi, kwa sababu katika habari hii ni rahisi kumfanya yeye mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekauka kwa chaki, aliyeamini kwamba mtoto asiyeweza kuchora mtaa wake hataielewa dunia.

Mwaka ule alitupa kazi ya kile alichokiita étude du milieu, kuchunguza mahali unapoishi. Wasichana wa mtaa wa Tshopo wachore soko lao na barabara iendayo kwenye bwawa la umeme, ambalo siku zile lilikuwa habari ya mji mzima. Mmoja aliyekaa Simi-Simi achore uwanja wa ndege. Mimi niliambiwa nichore maporomoko, na darasa zima likageuka kuniangalia kwa wivu. Sheria ilikuwa moja, akaiandika ubaoni na kuipigia mstari: chora unachokiona kwa macho yako, usichore unachosikia. Palipo na mtu, paka kijani. Pasipo na mtu, acha peupe. Ramani inayodanganya, alisema, ni dhambi kama dhambi nyingine.

Kazi ilinichukua majuma matatu. Koko akawa mwalimu wangu bila kujua anafundisha nini. Tulikaa naye mwambani, akinionyesha kwa kidevu, maana mahali pa mtu hapanyooshewi kidole, akitaja majina nami nikiandika. Alifurahi sana siku zile. Nadhani aliona mjukuu wake wa kike, ambaye hatasimama juu ya nguzo maisha yake yote, amepata njia yake ya kushika mambo ya ukoo. Alphonse naye alinifuata kila jioni akinisumbua achore, mpaka nikamruhusu kuchora samaki mmoja kwenye kona ya chini. Akachora kambale mwenye masharubu marefu kuliko mwili. Nilimgombeza, lakini penseli alikuwa ameikandamiza sana na samaki hakufutika.

Nilipofika mahali pa papa nikakwama. Koko alipofika pale hakutaja jina, alipitisha kidevu haraka na kuendelea na jirani. Nilikuwa na penseli ya kijani mkononi. Nguzo hazikuwepo, mgono haukuwepo. Ma Sœur alikuwa na desturi ya kuja na baiskeli kukagua ramani zetu papo hapo mahali penyewe. Angeona mwamba mtupu, halafu kijani kwenye karatasi yangu. Mimi nilijua pana mtu. Nilikuwa nimemuona asubuhi ileile. Lakini nilijua pia kwamba ninamuona peke yangu, na nilitaka kuwa wa kwanza darasani kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Nikaweka penseli chini. Pakabaki peupe, padogo kama ukucha. Chini ya ramani, kwenye maelezo ya rangi, nikaandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu bora, kwamba peupe ni mahali pasipo na mwenyewe.

Nikawa wa kwanza. Nikapewa boksi la penseli za rangi kumi na mbili, na ramani ikatundikwa katika chumba cha kupokelea wageni. Baada ya muda Ma Sœur akaniambia, akitabasamu, kwamba bwana mmoja wa vipimo vya ardhi aliyekuja kumsalimu mama mkuu ameiazima kwa siku chache, kwa sababu hajawahi kuona ramani ya maporomoko yenye majina ya watu. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona nimerefuka.

Nyumbani wakati huo tulikuwa na la kwetu. Alphonse alikuwa amefikisha miaka kumi na moja, na alikwishasimama juu ya nguzo za Koko bila kushikwa, mbele ya mashahidi. Koko akakata miti minne msituni, akaiegemeza nyuma ya nyumba ikauke. Maji yakipungua tu, Alphonse angeisimamisha. Mama alianza kuimba tena akikausha samaki, chini kwa chini, halafu anashtuka na kunyamaza. Alinunua kikwembe kipya, kitenge chenye maua, akakikunja na kukiweka chini ya mto. Sisi watoto tulikuwa tunaingia kwa zamu kukigusa.

Siku moja mchana narudi kutoka shule, maji yameshuka na miamba imetokeza, nikaona wanaume watano wanateremka kuelekea mahali pa papa. Walikuwa wamebeba miti begani, miti mirefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Nikaamini kabisa kwamba ni rangi ya sherehe. Wakaisimamisha wima palepale mwambani, mmoja ameshika, mwingine anatazama kwa mbali kama imenyooka. Sikujiuliza kwa nini mmoja wao alikuwa mzungu. Nilidhani Koko ameomba msaada. Nikakimbia.

"Mama, banasimamisha miti ya papa."

Mama alikuwa kwenye chanja cha samaki. Aliinuka polepole, hakuniuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na kile kikwembe cha maua kiunoni, amemshika Alphonse mkono, amemnawisha uso kwa haraka na maji bado yanamtiririka shingoni. Njia nzima mama alikuwa akilegeza fundo la kitambaa cheusi huku anatembea, ili lisimcheleweshe mbele ya watu. Nikifunga macho leo naona vidole vyake kisogoni vikihangaika na fundo lile.

Tulipofika, kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Mzungu alimwona, akavua kofia kwa heshima, akarudi kwenye karatasi aliyoishika. Karatasi ile ilikuwa ramani yangu. Mmoja wa wabeba miti, kijana wa Maniema, akamsogelea mama.

"Mama, rudia nyuma kidogo. Hapa batajenga."

"Batajenga nini?"

"Fasi ya bageni kusimama. Baone bavuvi, bapige picha."

"Hii iko fasi ya bwana yangu."

Kijana akamweleza mzungu kwa Kifaransa. Mzungu akaweka kidole kwenye ramani. Kijana akarudi, na nakumbuka hakuweza kumwangalia mama usoni.

"Anasema hapa hakuna mutu, mama. Kwa karatasi iko peupe."

Mama akasimama kidogo akitazama ile miti ya rangi. Kisha akakirudisha kitambaa kichwani, akakifunga mafundo mawili, bila haraka, akamshika Alphonse mkono na kugeuka. Sikuweza kutembea pamoja nao. Nilitembea nyuma.

Kesho yake Koko alikwenda ofisi ya serikali, akanichukua kwa sababu mimi ndiye niliyejua Kifaransa. Karani alikuwa Mkongo mwenzetu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, akatukaribisha viti. Akauliza kama pale pana nguzo. Koko akasema hapana, tumepumzisha. Akauliza tangu lini. Koko akasema miaka mitatu. Karani akashusha pumzi na kutandaza ramani juu ya meza.

"Bon, muzee. Hii haikuchorwa na bazungu. Ni mutoto wenu wa maporomoko alichora. Mademoiselle, musomee koko yako pale chini."

Nikasoma. Kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili: peupe ni mahali pasipo na mwenyewe. Koko hakujua kusoma herufi hata moja, lakini maji aliyatambua papo hapo. Akaanza kupitisha kidevu juu ya karatasi, mahali kwa mahali, akitaja majina kwa pumzi tu, wala hakukosea. Alipofika kwenye peupe akakwama kama nilivyokwama mimi.

"Na papa yako," akaniuliza, "ulimuweka wapi?"

"Ma Sœur alisema tuchore kile macho inaona."

"Na weye, haumuonaka?"

Hakunikasirikia, na ningeshukuru kama angenikasirikia. Alinishika bega, akamuaga karani vizuri, na njia nzima akazungumzia mvua. Nyumbani aliwaambia watu kwamba wazungu wamekataa, basi. Hakusema nani alichora. Aliibeba siri yangu mpaka akafa, na kila alipoonyesha kitu kwa kidevu mbele yangu, niligeuza uso.

Ma Sœur Odilia alikuja na baiskeli, uso mwekundu, akamweleza mama kwa Kiswahili chake cha misa kwamba ameandika barua na hajajibiwa. Mama alimpa kiti, akamfungia samaki wawili wa kwenda nao. Muhula uliofuata sista akahamishiwa kituo kingine. Kama barua ile na uhamisho ule vinahusiana, hakuna aliyewahi kuniambia.

Wakajaza matundu manne simenti. Juu yake wakatandaza jukwaa lenye vyuma vya kuegemea, na wageni wakawa wanasimama pale na kamera zao. Tangu siku ile sikumuona papa pale. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu hakuondoka, alihama. Nilimuona nyuma ya nyumba, kati ya ile miti minne ambayo Koko aliiacha mpaka ikaliwa na mchwa. Nilimuona kwenye mlango wa kanisa. Nilipokuwa mwalimu mwenyewe nilimuona mlangoni mwa darasa langu, bega la kushoto chini kidogo, akiningoja nimalize somo. Niligeuka ubaoni, nikaandika, nikageuka tena, na bado alikuwepo. Katika miaka yote niliyofundisha sikuwapa watoto kazi ya kuchora ramani hata mara moja. Mkaguzi aliniuliza kwa nini. Nikamwambia karatasi hazitoshi.

Mama hakuvua kitambaa. Kikichakaa alinunua kingine. Kikwembe cha maua kilirudi chini ya mto na panya wakakila humo. Alikufa miaka mingi baadaye, wazungu wameshaondoka, jukwaa lenyewe limepasuka na vyuma vimeibwa, na simenti ndani ya matundu bado ngumu. Tulimzika na kitambaa cheusi kichwani. Wanawake waliomuosha walinitazama, nikatikisa kichwa, maana nani alikuwa na haki ya kukifungua? Alphonse hakuwa mvuvi; matundu ya Koko yalikwenda kwa wanawe waliobaki. Asiye na tundu lake anabeba migono ya wengine, na hilo hakulitaka. Alipakia mizigo bandarini, kisha akapata kazi kule bwawani Tshopo, akaishi maisha yake yote kando ya maji bila kuyaingia. Kila Jumapili alikula kwangu. Hakunilaumu hata siku moja, nami nilijiambia ni kwa sababu hajui.

Basi siku ile ya penseli nikamtuma mjukuu amwite Dieudonné. Alikuja na mama yake, mjane wa Alphonse, wakakaa nami uani. Nikawaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, penseli ya kijani, sheria ya ubaoni, na lile neno nililoliandika kwa mwandiko mzuri. Sikujitetea. Dieudonné alisikiliza akiangalia mikono yake.

"Papa alijuaka, tantine," akasema nilipomaliza.

"Nani alimuambia?"

"Hakuna. Ile siku aliona samaki yake kwa mukono ya muzungu. Ile ya ndevu mirefu. Alitukataza tusikuulizake, yeye akiwa muzima."

Jumapili zote zile. Alikaa mbele yangu, akala, akacheka, akaomba aongezewe pilipili, na tangu akiwa na miaka kumi na moja alikuwa ananilinda nisijue kwamba anajua. Nililia pale uani mbele ya mtoto wake bila aibu.

Dieudonné aliniacha nilie. Kisha akasogeza kigoda chake karibu. "Donc sasa niko nakuuliza," akasema, na hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Tutapumuzisha fasi gani?"

Mimi ninayejua kila jina katika maporomoko yale, niliyeyaandika moja baada ya jingine, sikuwa na jina la kumpa. Mama yake alikuwa amekaa kando yake. Kitambaa chake cheusi kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Alikigusa kisogoni, penye fundo, akaniangalia.

"Na miye, wifi," akauliza taratibu, "nitavua hiki lini?"